Mashine ya kutengeneza DNA sawa, na chupa zake je?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Siku hizi hapa Dar kila anayeongelea maabara zetu anasema praima za PCR, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kipimo cha kunakili DNA, tuache kuagiza nje, inunuliwe mashine tutengeneze wenyewe. Sipingi, ila watu wanaitazama mashine tu, zile chupa zinazofungwa juu yake hawazioni, na shughuli yote iko humo.

Ndani ya chupa kuna fosforamiditi, yaani herufi za DNA, A, C, G na T, zilizotengenezwa kikemia ili zishikane moja moja kwa zamu. Marvin Caruthers na wenzake kule Colorado, Marekani, waliitoa mbinu hii mwaka 1981 na mpaka leo ndio inatumika. Adui yake maji. Unyevu ukiingia kidogo tu herufi haishiki, na sisi ndio tunaishi Dar, masika hata chumvi mezani inalowa. Piga hesabu mwenyewe, kila hatua ikifaulu kwa asilimia 99, praima ya herufi 20 unapata kama asilimia 83 iliyokamilika, ikishuka hadi 95 unaambulia 38 hivi, zingine zote ni vipande. Kwa hiyo unataka gesi ya agoni ya kuzuia unyevu, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, umeme usiokatika, na asetonitraili, kimiminika cha kuyeyushia herufi hizo, iliyokaushwa kweli kweli, ambayo mwaka 2008 na 2009 iliadimika dunia nzima kwa sababu ni zao la pembeni la viwanda vya akrilonitraili, vile vya malighafi ya plastiki, vilipopunguza kazi maabara zikabaki zinalia.

Na hapo sijagusa herufi zilizofanyiwa marekebisho, kama ya kubandika rangi ya fluoresini kwenye probu, yaani kipande cha DNA cha kutambulisha virusi kwenye kipimo, au bayotini, kishikio cha kunasia DNA. Bei zake acha kabisa, tena ikishayeyushwa kwenye mashine inakaa siku chache tu, sasa utafungua chupa nzima kwa oda moja?

Mi naona tuanze na praima za kawaida, maabara kadhaa zichangie mashine moja na ziagize kemikali pamoja, probu tuendelee kununua nje, maana oligo, yaani vipande hivi vifupi vya DNA, ikiwa kavu inasafiri bila barafu, muhimu probu isipigwe na mwanga. Ila kabla ya kusaini chochote wahusika watuambie, mfadhili akishaondoka agoni ya mwaka wa pili analipa nani?

Mtu wa maabara,
Dar es Salaam