Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Morogoro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Sisi wanachama wa klabu ya muziki tunakukaribisha kwa furaha katika mahafali haya. Habari za madawati, maji na nyumba za walimu zimo kwenye risala ya shule itakayosomwa baada yetu, kwa hiyo hatutazirudia. Tunaomba dakika chache tuzungumzie bendi ya hapa hapa mji kasoro bahari, Cuban Marimba, kwa sababu ombi letu la leo limetokana nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Salum Abdallah Yazidu, ambaye mashabiki walimfupisha wakamwita SAY, alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Vijana wa rika lake walikulia kwenye gramafoni. Santuri za GV, yaani mfululizo wa santuri za kampuni ya HMV, zenye rumba za Kikuba zilikuwa zikiingia Afrika tangu miaka ya 30, na waliozisikiliza walizikariri mpaka pumzi za waimbaji, ingawa Kihispania hawakukijua. Mwaka 1948 Salum alianzisha kikundi cha La Paloma, na ndicho kilichozaa Cuban Marimba. Jina likabaki la Kikuba, lakini maneno yakawa ya Kiswahili: mapenzi, wivu, masimango, na baadaye nchi mpya.

Nyimbo zao zilitolewa kwenye santuri za Mzuri, kampuni ya Mombasa, ndiyo maana zilipigwa Kenya kama zilivyopigwa huku. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulibeba dakika tatu hivi. Ukisikiliza "Ngoma Iko Huku" utaona walivyojibana: gitaa linaingia, sauti zinapokezana, na bega likianza tu kutikisika, wimbo umekwisha! Ukumbini hawakuwa na kizuizi hicho. Hapo ndipo sisi tunapowaonea wivu babu zetu, kwa sababu dansi lenyewe hatutalisikia kamwe. Tumeachiwa vipande vya dakika tatu.

Wimbo mwingine tunaoupenda ni "Wanawake Tanzania". Nchi yetu ilipata jina hilo Oktoba 1964, na Salum alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965. Kwa hesabu hiyo, jina la Tanzania lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu alipoliimba, naye alikuwa amebakiza muda mfupi wa kuishi. Alikuwa na miaka 37.

Wapo wanaosema bendi ilikufa siku hiyo. Sisi tunaomba kutofautiana nao. Juma Kilaza aliushika usukani na bendi ikaendelea kupiga miaka kadhaa. Upinzani na Morogoro Jazz, bendi nyingine ya mji huu, nao haukwisha. Huko alikuwa ameibuka mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe, na mwaka 1970 Morogoro Jazz ilifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo. Mji mmoja wa mkoani, bendi mbili za kiwango hicho! Kilichozimaliza, kwa maoni yetu, ni mambo ya mfukoni. NUTA Jazz iliundwa Dar es Salaam mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ikafuatiwa na bendi za majeshi na mashirika, ambako mwanamuziki alipata mshahara na kukabidhiwa vyombo. Bendi ya mkoani ilitegemea viingilio vya mlangoni. Vijana wakawa wanatazama njia ya kwenda mjini. Mbaraka mwenyewe aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano.

Kisha likaja la santuri. Zetu zilikuwa zikitengenezwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa. Radio Tanzania iliendelea kurekodi bendi, na tunaishukuru sana, lakini kanda zile zilikuwa za kurushwa hewani. Mwanamuziki alisikika nchi nzima na bado hakuwa na kitu cha kuuza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ina gitaa moja la umeme. Waya wake wa chini ulikatika, tukaweka waya wa breki ya baiskeli. Unalia, ila unakata vidole. Spika tunaazima msikitini na kanisani, kwa zamu, na hatujawahi kunyimwa. Kwa vyombo hivyo tumejifunza nyimbo mbili za Cuban Marimba, na leo utazisikia, pamoja na makosa yake.

Tunaomba utusaidie kupata gitaa la besi na amplifaya. Tunaomba pia utuandikie barua kwa Shirika la Utangazaji Tanzania, ambalo ndilo limerithi maktaba ya Radio Tanzania, ili tupate nakala za nyimbo za bendi za Morogoro kwa matumizi ya shule. Barua ya wanafunzi haina uzito kama yako. Na kwa Mkuu wa Shule, ombi letu ni dogo: turuhusiwe kuwaalika wazee wa mji huu waliocheza dansi zile waje Ijumaa jioni, watuonyeshe hatua zake tukiwa na vyombo mkononi.

Baada ya kusema hayo, tunaomba kuwasilisha.