Barua kwa vijana wetu mnaojiita makuhani

Wanangu mlioanza utumishi,

Bwana Yesu asifiwe. Nimenyamaza wiki tatu nikidhani uchungu utapoa. Haukupoa.

Nilikuwepo mama yule mjane alipopanga foleni tangu alfajiri. Mlangoni akaambiwa atoe shilingi 50,000, "sadaka ya kumwona kuhani". Alifungua pindo la khanga, akahesabu noti za elfu mbilimbili, zikapungua, akakopa kwa mwenzake wa foleni. Alipofika mbele, wewe mwanangu uliyevaa joho lenye nyuzi za dhahabu ulimwuliza, "Unaitwa nani, mama?" Amesali kanisani kwako miaka 9.

Swali hilo ndilo lililoniketisha kuandika. Someni Kutoka 28 taratibu. Haruni, kuhani mkuu wa kwanza wa Israeli, alivaa naivera, vazi la kikuhani la juu, yenye vito viwili vya shohamu mabegani, kila kimoja kina majina 6 ya wana wa Israeli. Kwenye kifuko cha kifuani vilikuwamo vito 12, kila kabila na jina lake. Na majina hayo hayakuandikwa kwa wino. Yalichorwa kama muhuri unavyochorwa, yasifutike. Kila alipoingia patakatifu aliingia nayo juu ya moyo wake: Reubeni aliyekinajisi kitanda cha babaye, Simeoni wa upanga wa hasira, Dani, wote. Hakubagua. Dhahabu ile mnayoiiga ilikuwepo ili ishikilie majina ya watu mbele za Mungu. Ninyi mmechukua dhahabu, majina mmeyaacha.

Tena mara moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, kuhani mkuu alivaa kitani tu, akachinja ng'ombe kwa ajili ya dhambi zake na za nyumba yake kwanza. Mbuzi wa watu alifuata baadaye. Ni lini mara ya mwisho mlitubu kabla ya kupanda madhabahuni?

Sisemi mtumishi asile. Makuhani walikula vya madhabahuni, na Walawi, ambao hawakugawiwa nchi, walipewa zaka, nao wakatoa zaka ya zaka hiyo. Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, hawakuhukumiwa kwa kula. Walipeleka mtumishi na uma wa meno matatu, wakadai nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, na anayekataa ananyang'anywa kwa nguvu. Mlango wenu ule una uma huo.

Nadabu na Abihu waliotoa moto wa kigeni mnawajua. Kora aliyeutaka ukuhani usio wake mnamjua. Sirudii.

Ila hili sharti nilirudie, maana naona chuoni mlilipita mbio. Yesu hakutoka kabila la Lawi, walikotoka makuhani, alitoka Yuda. Ndiyo sababu Waebrania inamwita kuhani kwa mfano wa Melkizedeki, mfalme na kuhani wa siku za Ibrahimu, kabla Lawi hajazaliwa. Katika hema ya kukutania palikuwa na meza, kinara na madhabahu, kiti cha kuhani kuketi hakikuwepo. Kuhani alisimama kila siku, kwa kuwa kazi yake haikuisha. Kristo alitoa dhabihu moja, akaketi. Pazia la hekalu lililofunga njia ya patakatifu likapasuka toka juu hata chini. Basi mlango mnaoutoza watu ulikwisha kufunguliwa, tena kwa damu! Na kwa neno la Petro, mama yule mwenyewe ni wa ukuhani wa kifalme.

Nasi waumini tuna hatia. Tumechoka kuomba, tunatafuta wa kutuombea kwa malipo. Mchungaji anayetembelea wagonjwa kwa miguu tunamwona hana upako. Mwenye walinzi ndiye tunayemkimbilia. Wazee wa kanisa tuliyaona haya, tukaogopa kugawa kanisa.

Wanangu, baadhi yenu niliwabeba mgongoni kwenda shule ya Jumapili wakati mto umejaa. Nawapenda, na sitawaacha.

Ile elfu hamsini irudishwe wiki hii. Wewe mwenyewe uipeleke, usimtume mtu. Jumatano saa kumi jioni nitakuwa nyumbani. Njooni na madaftari, kila mmoja awe ameandika kwa mkono wake majina ya watu wa kanisa lake, bila kumwuliza katibu.