Salamu za Idd kutoka Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na majirani, mlio Tanga na mlio mbali, Idd Mubarak. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mola azipokee saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima.

Mwezi haukuwa mwepesi. Sukari, mchele na mafuta vilipanda tangu Shaabani, na zipo nyumba zilizofuturu kwa uji na tende tu. Hata hivyo pishi za fitri, sadaka ya chakula kwa maskini, zimetoka. Mola awazidishie waliotoa.

Kwetu ilikuwa Ramadhani ya kwanza bila baba. Kila mwaka kumi la mwisho alikaa itikafu, kujitenga msikitini kwa ibada, nguzo ya nyuma, karibu na dirisha. Siku ya ishirini kabla ya Magharibi huizima simu yake, akaitia kwenye kopo la maziwa, akalifunika, akampa mama. Mwaka jana usiku mmoja nilimpelekea daku. Akaniambia, "Kaa kidogo, mwanangu." Nikakaa, lakini simu i mkononi, najibu ujumbe wa kundi. Nilipoinua kichwa ameshaelekea kibla, amekwisha kuhirimia swala. Mfungo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, tukamzika. Alilotaka kuniambia sikulijua, na silijui hadi leo.

Jamani, soko zima tumelitia mfukoni tukaingia nalo msikitini. Imamu anasoma tarawehe, huku nyuma simu inalia, ya pili inaitika. Mtume (s.a.w.) alijitenga pangoni Hira kabla wahyi haujamshukia. Bi Maryam, kachanga mikononi na kaumu yake imemkabili, aliweka nadhiri ya kutosema na mtu siku ile. Sisi ni nani hata tushindwe kunyamaza tangu Alfajiri hadi jua lichomoze? Tuzizime. Tukae na nafsi zetu, tuzihesabu kabla hatujahesabiwa. Tukae na wazee wetu, maana aliyeketi mbele yako ana haki juu yako kuliko aliye kwenye kioo, na mzee hamwambii mtu jambo mara mbili. Itikafu si ya wastaafu peke yao, enyi vijana wenzangu!

Idd Mosi nipo kwa mama. Simu yangu itakuwa kwenye kopo lile lile, tangu swala ya Idd hadi Alasiri. Anayenitafuta na aje abishe hodi. Kahawa ipo, na visheti vipo.

Kullu aam wa antum bikheir.