Mwanangu, Hawa Ndio Ndege wa Kwetu

Barisal, Bangladesh
Mwezi wa Kartik (Oktoba hadi Novemba)

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe pamoja na mama yako. Sisi hapa tu wazima, na bibi yako, ambaye kwa desturi ya huku ungemwita Dadi, anaendelea vizuri isipokuwa macho, ambayo sasa yanamwonyesha mwanga na kivuli tu. Katika simu ya mwisho uliniuliza kutwa nafanya nini huku, nami nikakujibu kwamba sifanyi kitu. Jibu lile halikuwa la kweli, na limenisumbua tangu siku ile. Ukweli ni kwamba tangu alfajiri mpaka jua linapotua nawajua upya ndege wa kwetu, na pamoja nao mashairi niliyoyakariri nikiwa mtoto bila kuyaelewa.

Nianze na uani, maana mengi hutokea hapo. Asubuhi, umande ukiwa haujakauka na ukungu ukiwa bado umelala juu ya bwawa, Dadi hutoka na bakuli la khoi, yaani bisi za mpunga, akaketi kwenye kibao chake chini ya mfenesi na kuzirusha nyasini konzi kwa konzi. Hana haja ya kuona. Wa kwanza kufika ni shalik, ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi, na mdomo, miguu na ngozi ya kuzunguka jicho vya rangi ya manjano. Ni wa ukoo mmoja na kwenzi mnaowaona huko. Huku watu huamini kwamba kumwona shalik mmoja ni dalili ya huzuni, na kuwaona wawili ni heri, kwa hiyo Dadi akisikia sauti ya mmoja tu husimamisha mkono hewani, ngumi imefumba khoi, akasubiri. Jana alisubiri hata nikadhani amesinzia. Wa pili alipotua juu ya bati la jiko na kuparuza kwa kucha zake, akafumbua ngumi.

Kitendo hicho kimo katika shairi. Mshairi Jibanananda Das alizaliwa hapa Barisal mwaka 1899, akasoma hapa, na baadaye akafundisha Kiingereza katika Chuo cha Brajamohan cha mji huu huu. Mwaka 1934 aliandika katika daftari mfululizo wa mashairi ya mistari 14 juu ya nchi hii, kisha akalifungia daftari lile wala hakulichapisha. Lilikuja kutolewa kama kitabu mwaka 1957, miaka mitatu baada ya yeye kugongwa na tramu huko Kolkata, India, na kufariki. Katika shairi moja anasema atarudi tena kwenye ukingo wa mto Dhansiri, katika Bengal hii, yaani nchi yetu ya Wabengali, na kwamba huenda asirudi kama mtu: huenda akarudi akiwa shankhachil, aina ya mwewe, au shalik, au kunguru wa alfajiri katika nchi ya mavuno mapya ya Kartik. Kisha anaonyesha mahali pa kumtafuta. Bundi analia juu ya msufi, mtoto anatawanya khoi kwenye nyasi za uani, kijana anaendesha mtumbwi wenye tanga jeupe lililochanika katika maji ya tope ya mto Rupsha, na yangeyange weupe wanarudi viotani giza likiingia chini ya mawingu mekundu. Katika kundi hilo, asema, ndimo mtakamonikuta.

Shuleni tulilisoma kwa sauti moja huku tukiyumba, kama watoto wa chuoni wanavyosoma juzuu. Kile kipande cha kwamba huenda asirudi kama mtu nilikidhani pambo. Sasa nimerudi mimi mwenyewe, baada ya miaka 26 ya kufundisha hesabu Tanga, na nimekielewa. Mtu akirudi kwao huulizwa maswali: kwa nini uliondoka, umejenga nini, mbona mkeo hukuja naye, utakaa siku ngapi. Mwendesha mashua aliyenivusha wiki ya kwanza alinisikiliza nikiongea, kisha akaniuliza kwa heshima kabisa kama mimi ni mgeni kutoka nchi gani. Sikumlaumu, maana ulimi wangu umekuwa mzito, na neno la Kiswahili hunitoka kabla ya lile la Kibengali. Lakini shalik anatua kwenye bati la jiko na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Nadhani mshairi alijua hilo mapema, naye alikuwa bado hajaondoka. Alikuja kuhama muda mfupi kabla ya nchi kugawanywa kuwa India na Pakistan mwaka 1947, akaishi Kolkata, na hakurudi kuishi Barisal tena.

Ninajua kwamba umeshtuka kidogo kumwona kunguru katika orodha yake. Tangu utotoni umewachukia kunguru, na una haki, kwani walimnyakua kifaranga wako mbele ya macho yako, na mama yako huanika dagaa akiwa ameshika fimbo. Lakini kunguru yule mwenye shingo ya kijivu ni wa huku. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akazaliana, akavuka hadi bara, akawa adui wa ndege wadogo wote wa pwani. Huku kwao ana maadui wa kumpunguza na ana mahali pake. Sauti yake ya alfajiri, kabla hata ya mwadhini, ndiyo inayomwambia Dadi kwamba usiku umekwisha. Sikuombi umpende. Nakuomba tu ujue kwamba ndege yule aliyechukuliwa mbali na kwao bila kuulizwa, kwao ametajwa katika shairi kwa wema.

Na bundi vilevile. Huko akilia juu ya paa watu husoma dua na kuulizana nani mgonjwa. Huku bundi mweupe wa ghalani huitwa lokkhipencha, bundi wa Lakshmi, ambaye kwa Wahindu ni mungu wa kike wa neema, na hata sisi Waislamu wa vijijini tunamhesabu kuwa wa heri. Sababu yake inaonekana kwa macho: anakula panya, na panya ndio wanaomaliza mpunga.

Kuna hadithi ambayo Dadi alinisimulia nikiwa mdogo, nami nimeona vibaya kwamba sikukusimulia wewe. Chand Sadagar, mfanyabiashara tajiri wa merikebu, alikataa kumwabudu Manasa, mungu wa nyoka. Manasa akaapa kumuua mwanawe. Chand akamjengea kijana wake Lakhindar chumba cha chuma kwa ajili ya usiku wa harusi, lakini palibaki kitundu chembamba kama unywele, nyoka akapita, na Lakhindar akafa usiku ule ule. Mkewe, Behula, alikataa kuachana naye. Akaiweka maiti juu ya chelezo cha magogo ya mgomba, akapanda naye, akashuka na mto siku baada ya siku, mwili ukiozea mikononi mwake, mpaka akafika kwenye baraza la miungu. Pale akacheza ngoma mbele ya Indra, mfalme wa miungu, na kwa ngoma ile akarudishiwa mumewe akiwa hai.

Sasa tazama anachofanya Jibanananda. Hasemi Behula alikuwa jasiri, wala hasemi alikuwa mke mwema, mambo ambayo kila msimulizi huyasema. Anataja alichokiona na kukisikia akiwa juu ya chelezo: mpunga, miti ya mtini mkubwa ukingoni, na wimbo laini wa ndege aitwaye shyama. Na alipofika kwa Indra akacheza, anasema alicheza kama khanjana aliyekatika, na mito na mashamba na maua ya porini ya Bengal yakalia miguuni pake kama njuga. Khanjana ni ndege mwembamba anayekimbia ardhini akitikisa mkia juu chini bila kutulia. Wengi wao hutoka kaskazini kila mwaka wakati wa Kartik, na juzi niliwaona wa kwanza kwenye tope la ukingo wa bwawa. Nilikaa nikamtazama mmoja kwa muda mrefu. Hutembea hatua tatu za haraka, husimama ghafla, mkia ukaendelea kutikisika peke yake kama kwamba mwili umesimama na kitu kingine ndani kimekataa. Kwa miaka yote niliyolijua shairi lile nilikuwa sijui kwa nini alichagua ndege huyo. Mwanamke aliyechoka, aliyefiwa, ambaye lazima acheze, angecheza hivyo hasa.

Ndiyo maana siafikiani na wanaomwita Jibanananda mshairi wa ukungu na huzuni. Hasemi ndege, kama sisi wavivu tunavyosema. Husema doel, shalik, shyama, khanjana. Hasemi mti, husema mfenesi, mzambarau, na hijal, ndugu wa mtomondo wa huko pwani, ambao maua yake mekundu huning'inia kama shanga kisha huangukia majini.

Doel naye yumo katika shairi lile lile la Behula. Ni ndege mdogo mweusi na mweupe anayesimamisha mkia wake wima, naye ndiye ndege wa taifa letu. Zile noti za taka 2, fedha ya huku, ulizokuwa ukichezea dukani zina picha yake. Ni wa jamaa moja na kurumbiza anayeimba nyuma ya nyumba yenu. Msimu huu haimbi sana, hukwaruza tu sauti, mpaka baridi ikiisha ndipo atakapoanza. Mshairi anasema ameuona uso wa Bengal na kwa hiyo haendi tena kutafuta uzuri wa dunia. Anaamka gizani na kumwona doel wa alfajiri ameketi chini ya jani kubwa la mkuyu, kama mtu chini ya mwavuli. Nampenda sana mshairi huyu, lakini hapa sikubaliani naye. Mimi nilikwenda. Nimeuona uso wa Bengal na nimeuona mto Pangani unavyoingia baharini jioni, mama yako akiwa amesimama kando yangu, na wa kwanza haukuufuta wa pili.

Ipo habari moja nzito. Tai mzoga, ambao Jibanananda aliwatungia shairi, na ambao nikiwa mtoto walijaa kila mahali ng'ombe alipokufa, sasa siwaoni kabisa. Ng'ombe walikuwa wakipewa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Tai alipokula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa kwayo, figo zake ziliharibika akafa. Serikali ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2010, lakini ndege wengi walikuwa wamekwisha angamia. Mto Dhansiri wenyewe umejaa tope na kuwa mwembamba mahali ambapo zamani palipita merikebu. Nilisimama ukingoni na shairi kichwani, na maji hayakutosha.

Mwanangu, sikukufundisha Kibengali. Nilijidanganya kwamba Kiswahili cha mama yako na Kiingereza cha shule vingekutosha, na nyumbani nilikuwa mimi peke yangu mwenye lugha ile, nikaona kuisema ni kama kuongea na ukuta. Najilaumu, hasa kwa kuwa natoka katika nchi ambayo vijana wake walipigwa risasi Dhaka tarehe 21 Februari 1952 kwa kudai lugha hiyo. Siwezi kukupa yote sasa katika barua. Basi nimekuandikia majina haya, na nakuomba uyatamke kwa sauti: shalik, doel, shyama, khanjana, shankhachil. Huyo wa mwisho ni mwewe mwenye kichwa na kifua cheupe kama kombe la baharini na mabawa ya rangi ya matofali. Umfikirie furukombe, lakini mdogo zaidi. Nimemwona mara mbili tu tangu nije, akizunguka juu ya mto Kirtankhola, na mara zote mbili nilisimama njiani hadi akapotea.

Hivi ninavyoandika magharibi inakaribia. Yangeyange wamepita juu ya mpunga wakielekea kwenye mianzi, na nimewahesabia Dadi kwa sauti kama anavyotaka kila jioni: leo ni 31. Nimemwambia nakuandikia wewe. Ameuliza kama huko Tanga huwa mnawarushia ndege chochote asubuhi, na ni wa kwanza gani hufika. Nimemwambia nitakuuliza, basi usiache kunijibu, maana ataniuliza tena kesho.

Baba yako