Kongosho: mwanzoni tatizo kubwa ni damu kuganda

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako liliandika kwamba kongosho, kiungo cha tumboni kinachotengeneza insulini ya kushusha sukari mwilini, likipandikizwa "mwili hulikataa", basi. Jioni ile ile jirani yangu hapa Nyegezi, ambaye binti yake ana kisukari cha aina ya kwanza, alinijia na gazeti mkononi. "Shikamoo mama. Kwa hiyo hata tukiuza shamba, mwili utalikataa tu?"

Mimi ni muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji. Kongosho la kupandikizwa sijapata kulishika, ila mishipa nimeiona ikishonwa sana. Kukataliwa kupo, lakini siku za mwanzo kinachopoteza makongosho mengi zaidi ni damu kuganda mishipani. Damu hupita humo polepole, na bandama ya mtoaji ikishaondolewa, damu ndani ya vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) iliyokuwa ikitoka kwenye bandama hiyo karibu itulie kabisa. Damu ikituama, huganda.

Nilimpeleka kwenye mpira wa pampu unaovuta maji ziwani kumwagilia nyanya zangu. Ukizidi urefu unajikunja, maji yanakata. Ndiyo maana madaktari wengi huiacha vena ya kongosho fupi, ilale bila kupinda, wala hawapendi kuiunga kipande. Kwenye ateri, mishipa inayoleta damu kutoka kwenye moyo, kuunga ni lazima. Kongosho hulishwa na ateri mbili, hivyo huchukuliwa ateri ya nyonga ya mtoaji yenye umbo la Y: matawi mawili huungwa kwenye kongosho, shina kwenye ateri ya mgonjwa. Kazi hiyo hufanyika kwenye beseni la barafu, na madaktari hujitahidi muda wa saa 12 tangu kongosho litolewe usipite kabla damu ya mgonjwa haijaingia. Kisha heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ultrasaundi kufuatilia damu inavyopita.

Zamani majimaji ya kusaga chakula yanayotoka kwenye kongosho yalielekezwa kwenye kibofu cha mkojo. Faida yake, mkojo uliweza kupimwa kuona kama kongosho linakataliwa. Hasara, kibofu kiliwashwa na kuuma, na mgonjwa akapoteza maji na chumvi. Siku hizi wengi huelekeza utumboni.

Upasuaji huu ulianza Minnesota, Marekani, mwaka 1966. Figo, hapa Tanzania tulianza kupandikiza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017, ndugu akimpa ndugu. Kongosho karibu mara zote hutoka kwa marehemu, na mara nyingi hupewa mtu ambaye figo zake pia zimekufa. Za binti huyu ni nzima. Nimemwambia baba yake shamba aliache, pesa aliyonayo anunue insulini na vijiti vya kupimia sukari.

Muuguzi mstaafu,
Nyegezi, Mwanza