Risala ya kikundi chetu cha medali kwa mgeni rasmi, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye ni Kanali mstaafu, mwalimu mlezi wetu, wazee mlioshuka kutoka Kibosho, Marangu na Old Moshi, wenzetu wa Arusha mliowahi basi la asubuhi, wazazi na wanafunzi, wakubwa shikamooni, na wengine habari za saa hizi.

Mgeni rasmi karibu sana. Tunajua umeacha shughuli zako kuja kwetu na sisi wenyewe hatujazoea kutembelewa na watu wakubwa, kwa hiyo kama itifaki imeruka mahali tunaomba utuvumilie.

Sisi ni kikundi cha watu tunaokusanya na kutambua medali na nishani za zamani za kijeshi. Watu wengi mtaani wanadhani tunanunua vyuma chakavu, wengine wanadhani tunatafuta zile mali za Mjerumani zinazosemekana zimefukiwa milimani, yaani kila mtu na lake. Ukweli ni kwamba kununua tunanunua mara chache sana, kazi yetu kubwa ni mtu analeta medali ya babu yake, tunamwambia ni ya nini, ilitolewa kwa nani na kwa vita gani, tunaipiga picha, tunaandika kwenye daftari halafu anarudi nayo nyumbani kwake. Hilo la kurudi nayo tumelishikilia tangu mwanzo maana medali ikishatoka kwenye ukoo kuirudisha ni ngumu.

Mheshimiwa, ile iliyopo meza ya kwanza ni medali ya Uingereza ya vita vya 1914 hadi 1918. Ni ya fedha halisi, upana wake milimita 36, mbele kuna kichwa cha Mfalme George wa Tano na nyuma kuna mpanda farasi yuko uchi kabisa, farasi anakanyaga ngao ya Wajerumani na pembeni kuna fuvu na mifupa, wanafunzi wakifika pale ndo wanaanza kucheka. Lakini sisi hatuanzii mbele wala nyuma, tunaanzia kwenye ukingo. Ukiigeuza taratibu chini ya lenzi utaona herufi ndogo zimegongwa kuzunguka, namba ya askari, cheo, jina, halafu K.A.R., yaani Keya, kifupi cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Hii yetu upande mmoja herufi zimelika kwa sababu bibi mwenye nayo aliivaa shingoni miaka na miaka kama kidani, ila namba bado inasomeka na ukiwa na namba una pa kuanzia kutafuta.

Sasa uzito wake ni karibu gramu 31, na hapo ndo balaa linapoanzia. Sonara anaiona kama fedha tu, anaweka kwenye mizani, analipa, jioni imeshakuwa hereni. Hatuwalaumu masonara, biashara ni biashara, na hata huko Uingereza kwenyewe medali kama hizi ziliyeyushwa nyingi bei ya fedha ilipopanda. Ila kwetu hapa vita ile ilipita mlangoni, Wajerumani na Waingereza walipigana Longido Novemba 1914, halafu Machi 1916 baada ya mapigano ya Latema na Reata kule karibu na Taveta majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakaingia Moshi na siku chache baadaye Arusha, kwa hiyo kuona jina la mtu wa hapa linayeyushwa hapa hapa inauma.

Ishu ambayo inatunyima usingizi zaidi ni ya vita vya pili, vita vya Hitla. Wengi hawajui kwamba zile nyota, yaani medali za umbo la nyota, walizopewa askari wa Keya zilitoka bila jina. Ukingo hauna kitu. Nyota yenyewe ina ncha sita na imeandikwa mviringo katikati, nyota ya Afrika au nyota ya Burma, basi. Kwa nyota ya Afrika unajua mzee alikuwa kaskazini ya Afrika au Abisinia, yaani Ethiopia, na Somalia, kwa nyota ya Burma, Myanmar ya leo, unajua alivuka bahari, na kweli vikosi vya Tanganyika vya 26 na 36 vya Keya vilikuwa kwenye ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma 1944. Lakini mzee gani? Medali haisemi. Akifa yule anayejua na kama hakuna aliyeandika, inabaki nyota ya mtu yeyote. Ndo maana tunawasumbua sana wazee na kuwarekodi kwenye simu, wasituchoke.

Wengine nyota zimepotea kabisa wanaleta kipande cha utepe kilichobaki kwenye koti, na hicho nacho tunakipokea kwa mikono miwili. Utepe wa Afrika ni rangi ya mchanga wa jangwani, katikati mstari mwekundu wa jeshi la nchi kavu, upande mmoja bluu iliyokolea ya wanamaji na mwingine bluu ya mbingu ya wanahewa. Wa Burma una nyekundu pana katikati, bluu pande zote na michirizi ya rangi ya chungwa. Tepe za enzi zile ni pamba, kwa hiyo tunaenda kwa wakala wa pesa jirani yetu tunaupitisha kwenye ile mashine yake ya kukagua noti bandia, ukiwaka mweupe pyee tunaanza kushuku uzi ni wa kisasa, huenda mtu kabadilisha au kafoji.

Feki zipo, Mheshimiwa, tena nyingi, hasa ile misalaba ya chuma, nishani ya Wajerumani iitwayo Iron Cross, maana watalii wanaipenda. Ule wa kweli wa 1914 moyo wake ni chuma umezungushiwa fremu ya fedha, sumaku inaukamata, ukileta wa kumiminwa kipande kimoja sumaku inauangalia tu. Kuna bwana mmoja alikuja na wake akaapa umefukuliwa kwenye uwanja wa vita huko mpakani, tukaugeuza umeandikwa 1939 na una alama ya Hitla. Mwaka huo Mjerumani alishaondoka hapa zamani! Tulimpa chai akaenda zake.

Mgeni rasmi, maombi yetu siyo mengi. Kwanza tunaomba utusaidie kupaza sauti kwamba watu wasisugue medali za wazee kwa Brasso wala majivu, najua jeshini mmefundishwa kung'arisha kila kitu lakini kila ukisugua unakula herufi za ukingo. Pili tunahitaji kabati la kioo lenye kufuli, saivi tunatumia droo ya mwalimu na unyevu wa masika unaingia. Tatu tunaomba barua yako ya utambulisho tukiomba kuona kumbukumbu za zamani za askari, tukienda wenyewe tunaulizwa nyie ni nani.

La mwisho linakuhusu wewe mwenyewe. Tumekazana na vita vya mababu mpaka tukasahau kwamba waliopigana vita vya Kagera 1978 na 1979 wako hapa hapa na sisi, na vijana waliotoka Lebanon, Darfur na Kongo wana medali za Umoja wa Mataifa ambazo kila misheni ina utepe wake, na watoto wao hawajui upi ni wa wapi. Tunaomba tuanze na za kwako. Fomu tunayo, inauliza jina kamili, kikosi, ulikuwa wapi, na nani atabaki nazo. Mpiga picha wetu yupo pale mlangoni na baada ya chai yuko tayari.

Tunaomba kuwasilisha.