Stendi ya stili yako: usiulize inabeba kilo ngapi

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kutoka Kinondoni. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatuonea. Barua yako nimeipata, na zile picha za gitaa lako la stili, yaani lile la kulazwa na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, ulizonitumia kwenye simu nimezikuza hadi mwisho. Hongera sana. Huyo aliyekuwa nalo kabla yako alilitunza, hata vitasa vya kukazia nyuzi bado vinang'aa.

Sasa hili la stendi ya kuliwekea, badala ya kulipakata mapajani. Unasema wauzaji watatu wa Kariakoo wamekutumia picha, na kila mmoja anakuapia kwamba ya kwake inabeba kilo 50. Kilo 50 za nini, Mwalimu? Gitaa lako halifiki hata kilo 4. Jogoo wawili wa kienyeji wanalizidi. Kwa hiyo hiyo habari ya mzigo iweke pembeni, haina msaada wowote kwako. Cha kuuliza ni kingine, nitakifikia.

Kwanza nikuunge mkono kwenye uamuzi wenyewe, maana najua watakuja watu kukwambia stili ni gitaa la mapajani, lipakate. Ni kweli lilianza hivyo. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, kijana wa Laie kisiwani Oahu, Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19: gitaa la kawaida limelazwa, nyuzi zimeinuliwa, na kipande cha chuma kinatelezeshwa juu yake. Hata lile la umeme lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1932, la alumini, lenye umbo la kikaango, la kampuni tunayoijua leo kwa jina la Rickenbacker, lilikuwa la kupakatwa. Lakini wapigaji wenyewe hawakudumu mapajani. Walitaka tyuni (mpangilio wa sauti za nyuzi) zaidi ya moja jukwaani, wakaongezewa shingo ya pili, ya tatu, hata ya nne kwenye ubao mmoja. Nani atapakata mzigo huo? Kampuni ya Fender walipotoa stili yao ya Stringmaster miaka ya 1950, ilikuja na miguu yake ya kurefusha na kufupisha, upige umekaa au umesimama. Na ile stili unayoipenda kwenye bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, aliyokuwa akiipiga Demola Adepoju, ni ya pedali, zile za kubadilisha sauti za nyuzi kwa mguu. Hiyo miguu ni sehemu ya chombo chenyewe, huwezi kuipakata hata ukitaka.

Halafu wewe ni mtu wa ibada. Waumini wa kanisa la House of God kule Marekani wana stili kanisani tangu miaka ya 1930, walipoiingiza ndugu wawili, Troman na Willie Eason, ikachukua nafasi ambayo makanisa mengine huipa ogani. Kwenye ibada hukai saa mbili umetulia. Mara msimame, mara mkae, mara maombi, mara mgeni anakaribishwa. Gitaa likiwa mapajani, kila mkiambiwa simameni wewe unabaki umekaa kama mgonjwa, au unalikumbatia na waya wake unaning'inia.

Kuna sababu nyingine ambayo hukuitaja, nayo kwangu ndiyo kubwa. Umesema umepata pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza sauti kwa mguu. Ukilipakata gitaa huku mguu wa kulia uko kwenye pedali, kila ukiongeza au kupunguza sauti goti linapanda na kushuka, na gitaa linapanda na kushuka nalo. Chuma mkono wa kushoto, gitaa linainama upande wa kulia. Utapiga vizuri lini?

Haya, tuje kwenye cha kuuliza. Stili haina freti za kukusaidia, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa la kawaida. Ile mistari ubaoni ni alama tu. Sauti iko pale chuma kilipo. Gitaa lenye urefu wa nyuzi wa inchi 22 na nusu, ambao ni wa kawaida kwa stili, kutoka mstari wa 12 hadi wa 13 lina kama milimita 16, na hapo ndani imo nusu-toni nzima, yaani hatua kutoka noti moja hadi inayofuata. Ukikosea milimita 2 umekosea sehemu ya nane ya nusu-toni, na soprano wako watakugeukia. Sasa fikiria unapotikisa chuma ili noti iimbe. Mkono unakwenda kushoto na kulia, sambamba na nyuzi. Stendi ikiwa inacheza upande huohuo, gitaa linaufuata mkono: wewe umesogeza milimita 4, gitaa limekufuata 2, kinachosikika ni nusu ya ulichotaka. Mkono unaanza kufidia, unatikisa zaidi, stendi nayo inachangamka, na pale unapotaka kutulia kwenye noti gitaa bado linayumba.

Kwa hiyo dukani usibonyeze kwenda chini. Kwenda chini kila stendi inafaulu. Weka gitaa juu, au hata ubao mfupi, shika ncha ya kushoto kwa vidole viwili, sukuma kushoto na kulia polepole. Ikicheza, rudisha, hata kama muuzaji anakuita bosi.

Ndiyo maana ile stendi ya kinanda ya miguu ya X, ambayo ndiyo ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo waliyokutumia wawili kati ya hao watatu, mimi siipendi kwa kazi hii. Itazame vizuri. Ule msalaba umekaa kushoto na kulia, yaani ulalo wa nyuzi zako, na umeshikwa katikati na pini moja yenye meno. Nafasi yoyote iliyobaki kwenye meno hayo inageuka kuwa myumbo wa upande ule ambao hutaki. Kinanda hakijali, kwa sababu vidole vinakwenda chini. Wewe utajali. Halafu angalia kinachotokea ukibadilisha urefu. Ukiishusha upige umekaa, miguu inatanuka, pini ya katikati inakuja magotini, na zile fito mbili za juu zinaachana sana hadi gitaa lako la sentimita 80 linashikiliwa kwa ncha tu. Ukiipandisha usimame, fito zinakaribiana, chini nako panakuwa pembamba, inayumba zaidi. Na fito zenyewe zimekatwa kwa upana wa kinanda, stili ni nyembamba, zitatokeza mbele zikuchome tumboni au zikuguse kifundo cha mkono. Ile ya X mbili ina nafuu. Kama utalazimika, chukua hiyo, na utumie urefu mmoja tu.

Stendi ya snea, ile ngoma ndogo ya seti ya dramu, wengi wanaitumia, na kwa mpigaji anayekaa si mbaya. Inakunjika, ni nyepesi, ina mikono mitatu yenye raba inayokumbatia. Tatizo ni kwamba yote imesimama juu ya mti mmoja katikati, na snea ni duara la inchi 14 ilhali gitaa lako ni refu kupita hapo mara mbili na zaidi. Ukienda kwenye mistari ya mwanzo mwanzo, mkono uko mbali na mti, gitaa linajaribu kuzunguka. Wanaoiweza hufunga ubao juu yake kwanza, kisha gitaa juu ya ubao.

Meza ya pasi nakujua umeifikiria. Hapana.

Iliyobaki dukani ni ile ya kinanda yenye umbo la meza, miguu minne, magoti yanapita chini kwa raha. Hiyo nzuri. Haiyumbi, inapanda na kushuka. Ila ni nzito, na wewe unakwenda mazoezi kwa bodaboda. Angalia pia inapunguzwa upana hadi wapi, kwa sababu nyingine hazishuki chini ya urefu wa gitaa lako, utabaki unatafuta mbao za kuunganishia.

Mimi ningekwenda kwa fundi wa kuchomelea. Mwanza hamkosi. Mwambie akutengenezee fremu mbili za pembeni, kila moja ina miguu miwili iliyoachana chini kwa kama sentimita 45. Fremu hizo ziungwe kwa fito ya nyuma, siyo ya mbele. Mbele paachwe wazi kwa ajili ya magoti na pedali. Kisha nyuma pale pale apitishe mkingamo mmoja wa kiegama, kutoka juu kulia hadi chini kushoto. Huo mkingamo ndio dawa yenyewe. Bila huo hata bomba nene kiasi gani litacheza kushoto na kulia, na ukiwepo, hata bomba jepesi linatulia. Fundi atakwambia hauhitajiki kwa kitu chepesi hivi. Mkatalie. Viungo vya nyuma vyote viwe vya bolti ili ukifika nyumbani uvifungue, vilale bapa kwenye mfuko.

Kwenye kurefusha na kufupisha, atatumia bomba la mraba la milimita 20 ndani ya la 25. Hapo pana siri ndogo. Bomba la ndani lazima liwe na nafasi kidogo ili lipite, na nafasi hiyo ndiyo inayogonga gonga ukipiga nyuzi nene. Kutoboa tundu na kupitisha bolti hakutoshi. Mwambie achomelee nati juu ya tundu upande wa nje, kisha bolti iingie hapo iliminye bomba la ndani likae ubavuni kabisa, bolti ya masikio ili ukaze kwa mkono. Midomo ya mabomba izibwe kwa vifuniko vya plastiki, la sivyo utakuta kuna noti moja ambayo stendi inaimba na wewe.

Juu weka plaiwudi ya milimita 18, ndefu kidogo kuliko gitaa, yenye kingo ndogo pande zote ili lisiteleze. Usikubali mtu akutobolee gitaa lenyewe kufunga miguu. Baadhi ya magitaa ya kisasa yanakuja na sehemu hizo tayari, la kwako halina, na tundu la skrubu kwenye gitaa la zamani halizibiki likarudi lilivyokuwa. Chini ya gitaa usiweke raba. Mengi ya magitaa hayo ya zamani ya Marekani yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo haipatani na baadhi ya raba na plastiki laini. Likilala hapo muda mrefu vanishi inalainika na kuacha alama. Weka flana ya pamba, au kipande cha blanketi lililochoka.

Urefu sasa. Kaa kwenye kiti utakachotumia kweli, siyo sofa, mikono ilegee, kunja viwiko. Nyuzi ziwe chini kidogo ya kiwiko, mkono wa mbele uende karibu sawa na sakafu. Wengi wakikaa huangukia sentimita 62 hadi 70 kutoka chini. Ukisimama, kwa mtu wa kimo chako, anzia sentimita 90, kisha pandisha au shusha kwa hisia. Stendi ikiwa chini mno utainama, na ubaya wa kuinama si mgongo peke yake. Unaanza kuitazama mistari kwa pembeni badala ya kutoka juu, na chuma kinaonekana kimefika kwenye mstari kumbe bado. Watu wanalaumu masikio yao, kumbe ni macho. Ukipenda, mwambie fundi miguu ya nyuma iwe ndefu kwa sentimita 1 au 2 ili ubao uinamie kwako, ila usizidishe, chuma ni kizito na kitataka kukufuata.

Na pedali ya sauti ijaribie hapohapo kwa fundi kabla hajapaka rangi. Ukipiga umesimama mguu mmoja unabeba mwili wote huku mwingine uko kwenye pedali, na watu wengi wakifika hapo hujikuta wanaegemea stendi bila kujijua. Wewe una kilo zako, Mwalimu, tusifichane. Pengine hapo ndipo zile kilo 50 za wauzaji zitakapopata kazi. Ikikushinda, rudi kwenye kiti kirefu cha baa, nusu kukaa nusu kusimama. Wapo wanaopiga hivyo na hakuna aliyewacheka.

Kabla hujamlipa fundi nitumie vipimo vitatu: kiwiko hadi sakafuni ukiwa umekaa, kiwiko hadi sakafuni ukiwa umesimama na viatu vya Jumapili, na urefu wa gitaa kutoka ncha hadi ncha. Nitakuchorea kwenye karatasi ya miraba nikutumie picha, ili mbishane na fundi mkiwa mnatazama kitu kimoja. Muulize pia bei ya bomba la mraba huko kwenu imefika wapi, maana na mimi nataka ya pili ya kubaki kanisani.

Msalimie sana mama watoto, na umwambie shemeji yake bado anadai wale dagaa.

Wako,
swahiba wa Kinondoni